Holly Herndon: Kutoka kwaya hadi sauti inayoimba bila mwenyewe

Kama waimbaji wengi unaowasikia redioni, Holly Herndon wa Marekani alianzia kwenye kwaya ya kanisa. Alizaliwa mwaka 1980 na kukulia Johnson City, katika jimbo la Tennessee. Akiwa kijana alikwenda Berlin, Ujerumani, akavutiwa na muziki wa kumbi za dansi unaotengenezwa kwa mashine. Aliporudi Marekani alisomea muziki wa kielektroniki katika chuo cha Mills, California, kisha akaendelea hadi shahada ya uzamivu Stanford.

Albamu yake iitwayo Movement ilitoka mwaka 2012. Ukiisikiliza unaweza kudhani wanaimba watu wengi, kumbe kinachosikika ni sauti yake mwenyewe. Inafanyikaje? Mwimbaji anarekodi sauti kidogo, hata pumzi tu. Programu ya kompyuta inaikata vipande vidogo sana, inavivuta, inavirudia, inapandisha hiki na kushusha kile. Mtu mmoja anaweza kusikika kama kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Wanaosema muziki wa kompyuta hauna roho wangeanza kwa kusikiliza hapo.

Mwaka 2019, katika albamu ya PROTO, aliwarudia waimbaji wa kwaya. Yeye na mwenzake, Mat Dryhurst, walitengeneza programu ya akili mnemba waliyoiita Spawn, wakaifundisha kuimba kwa kuisikilizisha sauti za watu. Mwaka 2021 akaenda mbali zaidi kwa kutoa Holly+: unaipa wimbo wako, nayo inakurudishia ukiimbwa kwa sauti yake. Mwaka uliofuata "Jolene" wa Dolly Parton ukatoka hivyohivyo.

Hapo ndipo penye jambo linalomgusa hata mwanakwaya wa kijijini anayerekodi kwa simu. Zamani mtu aliweza kuiba wimbo wako, lakini koo lako ulibaki nalo. Leo rekodi zako zinatosha kuifundisha mashine kuimba kama wewe. Ukiletewa mkataba, uliza: wanachukua wimbo tu, au na sauti yenyewe?

Mwaka 2024, kwa maonyesho ya The Call jijini London, wawili hao walirekodi kwaya 15 za Uingereza ili kuifundisha akili mnemba. Safari hii walijaribu utaratibu wa kuzipa kwaya zenyewe nafasi ya kuamua pamoja rekodi hizo zitumikeje.