Chumba cha ordinatere: ufunguo uko kwa nani?



Siku moja ya posho, mama mmoja anayeuza sambaza sokoni alifika kwangu na resi tatu zimefungwa ndani ya kitambaa. Akaniambia: «Mama Mwalimu, unisomee hapa wameandika nini.» Nikamsomea: minervali, karte ya mwanafunzi, na mstari wa mwisho, «ordinatere, dola 10». Ilikuwa hivyo kwa kila mwaka. Akauliza: «Nimelipa hii mara tatu. Lakini binti yangu anaandikisha kazi yake ya mwisho kule mjini, kwa kijana mwenye mashini, franka 1000 kila ukurasa. Sasa hizi dola 10 nani anazikula?»

Sikuwa na jibu. Nilisikia haya, kwa sababu pamoja na kazi yangu ya sekondari ninafundisha masaa machache katika chuo hicho kidogo, na mimi mwenyewe nilikuwa katika komite ya mashini. Komite hiyo ilikuwa haijakutana hata mara moja.

Wacha niwaeleze namna mambo yalivyokuwa. Chuo kilipata zawadi ya ordinatere 20, ambazo wengine wanaziita kompyuta. Siku ya kuzipokea tulipiga picha na kunywa sukari. Baada ya miaka mitatu, zilizokuwa zinawaka ni 7. Watu walisema zimeibiwa, lakini nilipohesabu nilizikuta zote 20 mule ndani. Ziliharibiwa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, maana hakukuwa na stabilizatere. Ziliharibiwa na vumbi. Ziliharibiwa na virusi vinavyotoka kwenye flashi za kila mtu. Na hakuna aliyeandika siku mashini ya kwanza ilipokufa, wala aliyeweka pesa kando ya kuitengeneza.

Kulikuwa na jambo lingine zito kuliko hayo. Ufunguo ulikuwa mmoja, katika mfuko wa mtu mmoja. Mwanafunzi aliyetaka kuandika kazi yake alipaswa kumwomba yeye. Vijana wa kiume waliomba na wakapewa. Mabinti waliambiwa: «Njoo saa kumi na mbili jioni, wengine wakiisha kwenda.» Wamama, mnanielewa. Mabinti wengi waliona heri kulipa franka zao mjini. Hapo ndipo jibu la mama wa sambaza lilipokuwa.

Nilipofikiri namna ya kutengeneza hali hiyo, sikuanza na kitabu cha informatike. Nilianza na sanduku letu la AVEC. Sanduku lile lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Linafunguliwa mbele ya wote. Kila kinachoingia na kinachotoka kinaandikwa. Anayechelewa analipa faini, na sheria yenyewe tuliikubali pamoja kabla ya kuweka franka ya kwanza. Nikajiuliza: kama wamama wasiosoma sana wanaweza kulinda pesa zao hivyo, kwa nini chuo chenye walimu wa diploma kisiweze kulinda mashini 20?

Tulikutana, tukabishana, na mwishowe tukaandika ukurasa mmoja tu wa sheria. Tuliubandika mlangoni, ili kila mtu ausome.

Funguo sasa ni mbili, na moja iko kwa mama wa sekretaria. Mlango unabaki wazi wakati wa kazi, na baada ya saa kumi na moja jioni hakuna anayeingia. Kila mashini ina namba, na daftari linaonyesha nani ameitumia na imepata ugonjwa gani.

Zamu pia tulizipigia hesabu. Tukiwa na mashini 10 na wanafunzi 60, tukiweka wawili kwa kila mashini, tunapata vikundi vitatu. Kila kikundi kikipata masaa 2, ni masaa 6 tu kwa juma. Kumbe nafasi ilikuwapo! Na ndani ya zamu, nusu ya wakati kibodi iko mikononi mwa mmoja, nusu kwa mwenzake. Zamani kijana aliandika na binti alitazama.

Mashini zilizokuwa na programu ya zamani na virusi, tuliziwekea Linux, ambayo hailipiwi na haisumbuliwi sana na virusi. Kwa kuwa intaneti ni ghali, tuliweka Kiwix, programu inayomwezesha mwanafunzi kusoma Wikipedia bila mtandao. Ile ya Kifaransa yote inaingia kwenye flashi ya giga 64. Na zawadi nyingine ikija, tutaomba ordinatere za mkononi: zinakula umeme kidogo kuliko zile za mezani, na zina betri inayomaliza somo umeme ukikatika.

Sitawadanganya kwamba yote yameisha. Leo zinawaka 12. Yule aliyekuwa na ufunguo hakunisalimia kwa miezi miwili. Na hesabu ya zile dola 10 bado hatujaonyeshwa. Tuseme wanafunzi ni 300: hizo ni dola 3000 kwa mwaka. Stabilizatere na fundi vingelipwa, na pesa zingebaki.

Hapo ndipo ninawahitaji ninyi. Mwalimu mmoja akiuliza, anaitwa mkorofi. Wamama ishirini wakiuliza katika mkutano wa wazazi, lazima wajibiwe. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni:

– Mashini ni ngapi, na zinazowaka leo ni ngapi?
– Mtoto wangu anaigusa masaa mangapi kwa juma?
– Ufunguo uko kwa nani, na mlango unafungwa saa ngapi?
– Pesa ya ordinatere imefanya kazi gani mwaka huu? Daftari liko wapi?
– Majina, namba za simu na pointi za watoto wetu zinalindwa namna gani? Toka tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, na inalinda habari za mtu binafsi.

Hakuna swali hapo linalodai ujue kutumia ordinatere. Mama anayejua kuhesabu sanduku anajua kuyauliza yote.

Binti wa mama wa sambaza aliandika sura mbili za mwisho yeye mwenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi. Alikuwa akitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Mama yake alikuja kumtazama akiwa bado na harufu ya soko. Alisimama nyuma yake bila kusema kitu, kisha akaniuliza: «Mama Mwalimu, mkutano wa wazazi ni siku gani?»