Krispi za Laura Scudder na mfuko wa kupiga pasi

Wengi humu tunauza vya kutafuna: krispi, kashata, ubuyu, karanga. Na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bidhaa nzuri, mbona mteja harudi?" Leo nawaletea kisa cha mama mmoja wa California, Marekani.

Laura Scudder alianza kutengeneza krispi za viazi mwaka 1926, mjini Monterey Park, karibu na Los Angeles. Kabla ya hapo alishakuwa nesi, akasomea sheria, akaendesha kituo cha mafuta na mumewe. Viazi vilikuja baadaye.

Enzi hizo krispi ziliuzwa kwa kuchota. Duka linaletewa pipa au debe, muuzaji anakupimia. Wa kwanza anakula tamu, wa mwisho anapewa za chini: zimelainika na nusu zimeshakuwa unga. Ukipewa hizo utamlaumu nani, pipa? Unamlaumu aliyekaanga.

Hapo ndipo nampendea huyu mama, akili yake aliipeleka kwenye kifungashio. Wanawake waliomfanyia kazi walibeba nyumbani karatasi zilizopakwa nta, wakazibana kwa pasi hadi zikawa mifuko. Nta ikipata moto inashika kama gundi. Kesho yake mifuko inajazwa krispi kiwandani na mdomo unafungwa kwa pasi vilevile. Sisi tunaofunga karanga kwa moto wa mshumaa tunaielewa hiyo kazi! Krispi zikawa hazilainiki haraka wala hazisagiki ovyo, na tangazo lake likajisifia kwamba ndizo zenye kelele kuliko zote duniani.

Kisha akaandika tarehe kwenye mfuko. Anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa katika biashara ya chakula kufanya hivyo. Mimi naona hapa ndipo penye ujasiri, maana unampa mteja sababu ya kukurudishia mali. Ukishaandika tarehe huwezi kukaanga za mwezi mzima ukazilaza stoo. Itabidi ukaange kidogo, upeleke mapema.

Kupeleka nako kulimpa shida. Kampuni za bima zilikataa kumkatia bima gari la kusambazia kwa sababu ni mwanamke. Akampata wakala mwanamke aliyekubali, na magari yalipoongezeka, wakala huyohuyo ndiye aliyeyakatia bima yote.

Aliongeza siagi ya karanga na mayonezi, na kufika 1957 alishika karibu nusu ya soko la krispi la California. Akaja mnunuzi na dola milioni 9. Mama akauliza: wafanyakazi wangu watabaki kazini? Mnunuzi hakutaka kuahidi, akakataliwa. Mwaka huohuo wa 1957 aliiuzia kampuni ya Signal Oil and Gas kwa milioni 6, kwa sababu wao waliahidi.