Chagua Kiyeyushi Kinachopatana na Rangi Yako

Mashua inapotolewa ziwani kupakwa rangi, iwe Sori, Muhuru Bay au Mbita, mwenyewe hugharamika mara mbili: hununua rangi na hukosa mapato ya uvuvi. Gharama hiyo huenda bure rangi ikichanganywa na kiyeyushi kisichofaa. Rangi haikauki, hujikunja au hubanduka mapema, na mbao hubaki wazi kwa maji.

Rangi huwa na unga unaoipa sura yake, gundi inayoushikisha kwenye mbao, na kiyeyushi kinachoifanya iwe nyepesi kupakwa. Cha kuzingatia ni gundi. Kimiminika huyeyusha vitu vinavyokaribiana nacho kiasili. Ndiyo maana maji matupu hayaondoi mafuta ya mbuta mikononi.

Kwa hivyo, rangi ya mafuta hupunguzwa kwa tapentaini. Rangi ya maji ya ukutani hupunguzwa kwa maji safi. Rangi ya magari aina ya selulosi huhitaji thina kali, ambayo huwa na vimiminika kama tolueni na asetoni. Thina hiyo ikipita juu ya rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka, huivimbisha na kuikunja. Rangi za epoksi zina thina yake maalumu.

Mafuta ya taa huchanganyika na rangi ya mafuta, lakini hukauka polepole na kuacha utelezi unaozuia mkono wa pili kushika. Petroli ni hatari zaidi. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko au sigara iliyo mbali na fundi. Usiitumie kupunguza rangi wala kuosha brashi.

Kabla ya kupaka, soma maelezo kwenye mkebe. Kisha changanya kiasi kidogo kwenye kopo na usubiri nusu saa. Rangi ikifanya mabonge au ikijitenga, kiyeyushi hicho hakifai. Ikibaki laini, paka sehemu ndogo na uiache ikauke kwanza.

Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Usiweke thina kwenye chupa ya soda; mtoto anaweza kudhani ni kinywaji. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika, kwani inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na chombo hicho.

Mabaki yasimwagwe ufuoni. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, na ziwa hilo ndilo linalotupa samaki na maji ya nyumbani. Acha thina iliyotumika itulie kwenye chombo kilichofunikwa, kisha mimina ile safi ya juu na uitumie tena kuosha brashi.