Sanduku la kufuli tatu mwaka wa ukame

Vikundi vingi vya wanawake vya kuweka na kukopa, kuanzia Kishapu na Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, nchini Tanzania, huendeshwa kwa utaratibu unaofanana. Wanachama 15 hadi 30 hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa moja hadi tano, na fedha hufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanawake watatu tofauti. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwaka ukiisha sanduku huvunjwa, kila mtu akachukua akiba yake na faida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne.

Mtoto wa mwanachama akiugua, sanduku linamudu: mama mmoja anakopa huku wenzake 24 wakiendelea kuweka. Ukame una tabia nyingine. Mvua ya Shinyanga ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza Novemba. Ikikata Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wote 25 wanahitaji kukopa wiki hiyohiyo na hakuna anayeweka. Ndiyo maana, ninapotaka kujua kikundi kitahimili ukame kwa kiasi gani, huuliza kwanza wanachama wanaishi kwa kitu gani, kabla ya kuuliza sandukuni mna kiasi gani.

Wasukuma, wenyeji wa eneo hili, walikuwa na jibu kabla ya sanduku. Baada ya mavuno ya viazi vitamu, wanawake humenya, hukata vipande vyembamba na kuvianika juani, mara nyingi juu ya majabali, mpaka vikauke kabisa. Hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Huhifadhiwa kwa miezi mingi, huliwa kwa chai au kwa karanga, na bei yake hupanda wakati ghala la mahindi limebaki tupu. Kikundi kinachonunua viazi Juni kwa fedha za sandukuni na kuuza michembe Januari kimeweka akiba inayopanda thamani wakati wa njaa yenyewe. Ningependa kuona kazi hii ikipewa mkopo kwa heshima ileile wanayopewa kuku na cherehani.

Jibu la pili ni ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ngitili zikapanda kutoka takriban hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuni, nyasi za kuezekea, dawa, uyoga na asali vilirudi karibu na nyumba. Lakini ngitili nyingi ziko mikononi mwa wanaume wenye kaya au za serikali ya kijiji. Kikundi kikitundika mizinga kwenye ardhi isiyo na maandishi, kinaweza kuondolewa siku yoyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi. Kikundi kiiombe kwa jina lake na muhtasari wa mkutano wa kijiji uandikwe.

Geita kuna kipato kisichongoja mvua. Mama ntilie wa machimboni na wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu hupata fedha hata mwaka wa kiangazi kikali, na bei ya dhahabu huamuliwa mbali na mawingu ya Usukuma. Kikundi chenye mkulima, muuza chakula na mfugaji wa nyuki ni imara kuliko kile chenye wakulima watupu. Ila maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, hushikiliwa na matimba, yaani magogo, na kila duara jipya hula miti. Vikundi vyenye vitalu vya miche vina soko hapo, iwapo miti itapandwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Limebaki suala la kalenda. Vikundi vingi huvunja sanduku Desemba, fedha zikaishia kwenye sikukuu na sare za shule. Mbegu za mtama na choroko zinahitajika Oktoba na Novemba. Kusogeza tarehe ya kuvunja sanduku miezi miwili nyuma hakugharimu chochote, kunataka kura ya wanachama tu.