Mama, kesi yako inapanda wapi?

Wiki hii tuongee juu ya Mahakama ya Rufaa ya jimbo, ile tunayoiita Cour d'appel. Wengi wetu tunaisikia tu, na tunaiogopa.

Kesi husikilizwa na majaji watatu, mmoja wao akiongoza kikao. Karani, yaani greffier, anaandika yote. Mkubwa wa mahakama nzima ni Premier président. Lakini huyo karani tusimdharau, maana rufaa inaandikishwa kwake.

Si kila kesi inafika hapo. Ya ndoa, talaka au urithi huanzia tribunal de paix, na rufaa yake inaenda tribunal de grande instance. Mama anaweza kubeba faili ya urithi mpaka Cour d'appel na kurudishwa, nauli imekwisha! Parcelle yenye certificat d'enregistrement ndiyo huanzia grande instance, kisha inapanda kwa wale watatu.

Na tukishindwa, tunangoja nini? Mara nyingi tunangoja mashemeji watulie, au wazee wa ukoo wakae kikao. Siku zinakwisha. Kwa kesi ya madai iliyoamuliwa pande zote zikiwepo, rufaa ina siku 30 tangu hukumu ilipoletwa kwetu rasmi. Karatasi ya huissier isifichwe sandukuni: tuandike juu yake tarehe tuliyoipokea, siku hiyohiyo, na kesho yake twende kwa karani. Asiye na pesa aombe mapema karatasi ya kuthibitisha umaskini, ili aombe kusamehewa gharama.