Baada ya Diploma ya Serikali: Wanafunzi wa Sanaa wa Kirotshe na Njia Zilizo Mbele Yao

Makala haya yanahusu swali ambalo huulizwa kila mwaka katika nyumba nyingi za Kirotshe, na za Masisi kwa jumla, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa: kijana aliyesoma masomo ya sanaa aende wapi? Kwa "sanaa" tunakusudia hapa lugha, historia, falsafa na elimu ya jamii, si uchoraji wala uchongaji. (Mwenye kipaji cha kuchora anayo Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, nayo ni habari nyingine na safari nyingine.) Swali hilo hujibiwa kwa haraka, na jibu huwa ni moja: awe mwalimu, la sivyo asome sheria. Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni fupi mno. Limefupishwa kwanza na uchaguzi unaofanywa kabla kijana hajajua anachagua nini. Limefupishwa pia na dharau tuliyo nayo kwa Kiswahili anachokisema kijana huyo.

Kirotshe iko kando ya Ziwa Kivu, katika barabara itokayo Goma kupitia Sake na kuendelea hadi Minova na Bukavu. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapo ana vyuo pande zote mbili za barabara yake. Mwenzake wa Walikale hana bahati hiyo. Kwake msitu ni mpana na barabara ni mbovu. Lakini hata bahati ya Kirotshe si ya kutegemea. Januari 2025 vita viliifikia barabara hiyo: Minova ilishikwa na M23, kisha Sake, kisha Goma, yote katika muda wa wiki moja hivi. Anayemshauri kijana wa eneo hili hana budi kuzungumza habari za barabara pamoja na habari za vitivo.

Tuanze na uchaguzi wenyewe. Kwa sheria ya Februari 2014, elimu ya msingi nchini Kongo ni ya miaka minane, na baada yake huja miaka minne ya sekondari ya juu. Mwishoni mwa mwaka wa nane mwanafunzi hufanya jaribio la taifa ambalo jina lake lenyewe hutaja uteuzi na uelekezaji wa masomo na kazi. Hapo ana umri wa miaka kumi na minne hivi, au zaidi kidogo ikiwa vita vilimpotezea mwaka. Kisha huingia mkondo mmoja: Kilatini na Falsafa, Ualimu, Biashara, Jamii, Kemia na Biolojia, na mingineyo. Kwa maandishi, mambo yamepangwa vizuri. Lakini uelekezaji una maana gani iwapo shule iliyo karibu ina mikondo miwili tu? Kijana huingia mkondo uliopo. Mzazi huutazama umbali na ada, na hatuwezi kumlaumu. Wasichana hasa hupelekwa kwenye Ualimu kwa hoja kwamba kazi hiyo "inafaa nyumbani", hoja ambayo mara nyingi mhusika mwenyewe hakuulizwa.

Matokeo yake ni kwamba wengi huitwa wanafunzi wa sanaa bila ya kuichagua sanaa. Miaka minne baadaye husimama mbele ya Mtihani wa Serikali, ambao umekuwapo tangu mwaka 1967. Asilimia 50 hutosha kumpatia mtahiniwa diploma, ingawa vitivo vingine hudai zaidi ya hapo. Mtihani huo una insha ya Kifaransa, kisha maswali ya maarifa ya jumla, ya sayansi, ya lugha na ya masomo ya mkondo. Lugha zinazotahiniwa ni Kifaransa na Kiingereza. Msomaji na aliangalie jambo hili kwa makini: mwanafunzi wa Kilatini na Falsafa wa Kirotshe hupimwa kwa lugha ya Roma ya kale, lakini hapimwi kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Kiswahili alikisoma katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha kikaachwa nje ya darasa pamoja na mpira. Hatusemi hivi kwa kukipinga Kilatini, ambacho hufunza uchambuzi wa sentensi kuliko masomo mengi. Tunasema kwamba kijana anayehitimu hivyo hawezi kukiona Kiswahili kama taaluma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa alama kwa ajili yake.

Aidha, Kiswahili chake mwenyewe huitwa kibovu. Kijana wa Kirotshe husema "batoto beko nacheza" pale mtu wa Unguja asemapo "watoto wanacheza", na husema anaenda "ku masomo" pale mwingine asemapo "shuleni". Nyumbani huenda anazungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kihavu au Kitembo. Walikale angezungumza Kinyanga. Mbele ya mtaalamu wa isimu hiyo ni mali. Kiswahili cha Lubumbashi kilipata watafiti mapema; Edgar Polomé aliandika juu yake mwaka 1968. Kiswahili cha Kivu kimechunguzwa kwa kiasi kidogo zaidi, na lugha za Masisi na Walikale ni vivyo hivyo. Kuna kazi hapo kwa kizazi kizima.

Wala si ndoto. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Daniel Biebuyck wa Ubelgiji alirekodi utendi wa Mwindo kutoka kwa mganaji Candi Rureke. Aliyeshirikiana naye katika kuuandika na kuutafsiri alikuwa Kahombo Mateene, na kitabu kilitolewa mwaka 1969 na chuo kikuu cha California kikiwa na majina yao yote mawili. Mateene hakuishia kuwa msaidizi wa mgeni. Aliandika sarufi ya Kinyanga, na baadaye akaiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Yafaa wanafunzi wa Masisi na Walikale waambiwe habari hiyo wakiwa bado katika mwaka wa nane, maana lugha ambazo wengi wao huziona kuwa za jikoni zilimfikisha mtu katika ofisi ya bara zima.

Ualimu, hata hivyo, ndio utakaowapokea wengi, na inafaa tuueleze bila kuupamba wala kuukashifu. Njia yake ya kawaida ni Taasisi ya Juu ya Ualimu, yaani ISP. Kuna ISP ya Bukavu na ISP ya Goma. Mhitimu wa huko hupata somo la kufundisha pamoja na mbinu za kulifundisha, na shule za sekondari humhitaji. Tatizo liko kwenye mshahara. Wako walimu ambao hufundisha miaka kadhaa kabla majina yao hayajaingizwa katika orodha ya malipo ya Serikali, na muda huo wote huishi kwa michango ya wazazi. Tangu shule ya msingi ya umma ilipofanywa kuwa ya bure, mwaka 2019, michango hiyo imebaki hasa katika sekondari. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye shule anayekuajiri si "mnalipa kiasi gani?" peke yake. Muulize pia kama shule yake na nafasi yako zinatambuliwa katika orodha hiyo.

Kazi ambayo haitajwi kabisa katika mashauri ya nyumbani ni tafsiri na ukalimani. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilidhihirika kwamba ujumbe wa afya ulioandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabuni, haukuwafikia watu kama ilivyodhaniwa. Shirika la Translators without Borders lilifanya uchunguzi wa lugha katika eneo hilo na likapendekeza maneno yanayoeleweka na wenyeji. Mwenye kuifanya kazi ya namna hiyo ni yule anayejua kwamba neno fulani huko Beni lina maana moja na Goma lina maana nyingine. Kirotshe ina hospitali kuu ya rufaa, na eneo lake la afya limeyaona magonjwa ya mlipuko. Mgonjwa anayejieleza kwa Kihunde mbele ya daktari anayeandika kwa Kifaransa huhitaji mtu wa kati, na kwa sasa mtu huyo huwa ni muuguzi au jamaa aliye karibu.

Mahakamani hali ni hiyohiyo. Katika kesi za Ituri zilizosikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ile ya Lubanga iliyotolewa hukumu mwaka 2012 na ile ya Katanga mwaka 2014, kulikuwa na mashahidi waliozungumza Kiswahili cha Kongo, na kosa moja la mkalimani lingeweza kugeuza ushahidi. Redio nazo zina nafasi yake: Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002, imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza mwaka 2021, na Kongo ikajiunga nayo mwaka 2022. Ni nani, basi, aliye na Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja kuliko kijana wa Kivu? Lakini na tuseme kweli: Kiswahili cha "batoto beko nacheza" peke yake hakitamfikisha Arusha. Hana budi kujifunza Kiswahili sanifu kama somo, kwa kusoma vitabu na kuandika kila wiki, bila ya kukitupa kile cha nyumbani. Anayevijua vyote viwili ndiye adimu.

Sheria tunaipitia kwa haraka kwa sababu haikosi mtetezi. Chuo Kikuu cha Goma na Université Libre des Pays des Grands Lacs huifundisha, na Bukavu pia. Lakini wanaoifuata ni wengi kuliko nafasi, na anayeiendea kwa ajili ya heshima ya joho tu ajiulize mara mbili. Anayetaka isimu au fasihi katika kiwango cha chuo kikuu atazame Lubumbashi, ambako Kitivo cha Fasihi kina historia ndefu tangu miaka ya 1970.

Wazazi waelezwe pia mabadiliko ya muda wa masomo. Zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya "graduat" kisha miwili ya "licence", jumla mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 mfumo mpya umeenezwa: "licence" ni ya miaka mitatu, na juu yake huja miaka miwili ya "master". Hivyo neno moja lina vipimo viwili, na mjomba aliyehitimu mwaka 1998 anapomwambia mpwa wake "fika kwenye licence", hawazungumzii kitu kimoja. Kadhalika, kabla ya kulipa ada katika chuo cha binafsi, mtu aulize hati ya kibali chake na kama diploma zake huthibitishwa na wizara. Chuo chenye kibali hakitakasirishwa na swali hilo.

Mwisho ni karatasi. Diploma halisi ya Serikali mara nyingi huchelewa kutoka, na kwa muda huo mhitimu hutumia cheti cha kuthibitisha kufaulu. Vyuo hudai pia taarifa za alama za miaka ya sekondari. Katika eneo ambalo watu wamelazimika kukimbia usiku, karatasi hizo hupotea pamoja na nyumba, na shule iliyozitoa huenda nayo ikawa imepoteza daftari zake. Mwalimu wa mwaka wa mwisho awahimize wanafunzi watoe nakala mbili za kila hati, zipigwe mhuri mapema, na moja iwekwe kwa ndugu anayeishi mbali na barabara ya Sake.