Sungura Ayari na Malezi ya Mtoto wa Mwala

Katika ngano za Wakamba, kama zilivyo za jamii nyingi za Afrika Mashariki, sungura hushinda kwa hadaa. Humlaghai fisi, humlia chakula chake, kisha humcheka. Ikiwa ngano ni chombo cha kumfunza mtoto uadilifu, basi mtoto wa Mwala anayemshangilia ayari huyu hufunzwa nini?

Swali hili hukwepwa darasani. Mtaala wa Umilisi unayataja uadilifu, heshima na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kukuzwa, nayo sera ya Kenya huruhusu lugha ya eneo, ambayo Mwala ni Kikamba, itumike kufundishia Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu. Nafasi ya ngano, kwa hiyo, ipo. Kinachoiharibu ni mazoea ya kumaliza kusimulia na kuuliza, "Hadithi hii inatufunza nini?" Wanafunzi huitikia kwa pamoja kuwa uongo ni mbaya, ilhali hadithi yenyewe imesema kinyume!

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya 1958, aliwasimulia wavulana wa Chicago visa vya mtanziko, kikiwamo cha mume anayeiba dawa ili amwokoe mkewe. Hakutafuta jibu la ndiyo au la. Alitafuta sababu zao.

Mwala haikosi mitanziko yake. Wakati wa kiangazi, mtoto ametumwa kuchota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto. Amefika wa kwanza, na maji yanajaa polepole. Ajuza anawasili na mtungi wake. Heshima yamtaka mtoto ampishe. Utiifu wamtaka awahi nyumbani, ambako mama angoja maji ya kupikia. Hapa hapana wema na uovu. Pana wema wawili wanaogombana, na mtoto sharti apime.

Sungura naye apimwe vivyo hivyo. Je, hila ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu ni sawa na hila dhidi ya rafiki? Zipo ngano ambamo sungura huyo huyo hushindwa na kobe. Zikisimuliwa pamoja na zile za fisi, watoto hubishana wenyewe.

Mwalimu anayezitafuta ngano hizi anaweza kuanzia kwenye Akamba Stories (1966), mkusanyo wa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye jina lake, kwa Kikamba, ni fisi. Mkusanyo huo ni wa Kiingereza. Kikamba chake kitasikika kwa wazee wa Masii na Yathui.